Fundi Anatoli na Chumba cha Mafumbo

Anatoli hakuwa mtu wa kukaa. Mkewe, Marcelina, alikuwa akiwaambia majirani wa Kasingirima kwamba ameolewa na mtu aliyekalia siafu, na majirani walicheka kwa sababu walimjua. Akipewa kiti, anakaa ukingoni. Akipewa chai, anazunguka nayo mkononi hadi ipoe, huku akikagua bawaba za mlango wa mwenyeji wake na kumweleza, bila kuulizwa, kwamba ile ya juu imelegea. Msibani aliwahi kutolewa nje na wazee kwa sababu alikuwa akiligonga jeneza kwa kidole, akisikiliza kama mbao zimeungwa vizuri. Watu walikasirika na walikuwa na haki ya kukasirika, ingawa njiani kwenda makaburini ilionekana kwamba kweli mbao hazikuungwa vizuri.

Maisha yake yote yalikuwa hivyo. Aliacha shule darasa la sita akaenda Kibirizi kukaa na waunda mitumbwi, akachoshwa na mbao. Akaenda kuwa kibarua wa reli, akachoshwa na wakubwa. Akavuka ziwa hadi Kalemie kuuza sabuni za mawese, akarudi hana sabuni wala viatu, na hadi leo hajamweleza mtu ilikuwaje. Mwisho akaangukia kwenye bati. Bati lilimtuliza, kwa kadiri mtu kama yeye anavyoweza kutulizwa, kwa kuwa bati halikucheleweshi: unalipima, unalikata, unalikunja, linakujibu hapo hapo. Akafungua banda Ujiji na kuwa fundi wa matranka ya wanafunzi wanaokwenda bweni.

Sasa, mabweni yana wezi, na kufuli la tranka huvunjwa kwa jiwe moja tu wenzako wakiwa kwenye maombi. Wazazi walilalamika. Anatoli akazunguka banda lake siku tatu, ya nne akapata dawa. Chini ya sakafu ya tranka aliweka droo nyembamba kama daftari, isiyoonekana hata ukiligeuza tranka juu chini. Nyuma ya tranka kulikuwa na mstari wa ribiti, vile vipini vinavyobana bati na bati, na kati ya hizo moja ilikuwa ya uongo. Ukiibonyeza hiyo, droo inatoka. Kila tranka lilikuwa na ribiti yake, na mzazi alionyeshwa mara moja tu, banda likiwa tupu. Siri ya mtungi aijuaye kata. Tranka la kwanza la namna hiyo alimtengenezea binti yake Recho, alipokuwa akienda kidato cha kwanza Kasulu, na ribiti ya Recho ilikuwa ya tatu kutoka kushoto.

Mwaka huu, mwezi wa nne, alikuja bandani mwanamke mmoja kwa bajaji, amevaa miwani, ameshika karatasi yenye michoro. Aliitwa Shadia, mratibu wa mradi wa vijana, na alikuwa amepanga ghala la zamani la mawese huko Gungu.

"Shikamoo, fundi. Nahitaji masanduku matatu ya bati. Tunawafungia vijana watano chumbani kwa dakika arobaini na tano," alisema Shadia. "Kila sanduku lina fumbo lake. Wakilifumbua wanapata ufunguo wa linalofuata, mpaka wapate ufunguo wa mlango."

"Marahaba. Wamekosa nini hao vijana?"

"Hawajakosa kitu. Wanajifunza kazi."

"Wakiwa wamefungiwa?"

Shadia akacheka. Akamweleza kwamba waajiri wanalalamika: vijana wana vyeti, lakini hawajui kugawana kazi, hawajui kusikilizana, na wanaona aibu kusema hili silijui. "Kwenye usaili kila mtu anavaa shati la kuazima na kusema yeye ni mchapakazi," alisema. "Mle ndani, ikifika dakika ya thelathini, shati linavuka lenyewe. Unamwona mtu alivyo. Na yeye anajiona, hapo ndipo anaanza kujifunza."

Hilo Anatoli alilielewa mara moja, maana yeye hajawahi kufanyiwa usaili na mtu na hakuwahi kuamini mtu aliyekaa nyuma ya meza. Akatia saini karatasi ya makubaliano akiwa amesimama. Karatasi ilisema mambo mawili tu ya maana: fundi hatamwambia mtu mafumbo ya chumba, hata mkewe, na ndugu wa mfanyakazi wa mradi haruhusiwi kushiriki. Kazi ikienda vizuri, vingefuata vyumba vinne zaidi, Kasulu na Uvinza, vyote kwa mkono wake.

Alifanyia kazi uani kwa Shadia, mbali na macho ya watu. Sanduku la tatu ndilo lililotakiwa kuwa gumu. Mchoro ulisema tu: liwe na sehemu ya siri, ufunguo wa mlango ukae humo. Anatoli akatengeneza anachokijua. Alipomaliza kupiga ribiti akainua nyundo, akahesabu, na kukuta kwamba mkono wake umekwenda wenyewe mahali ulipozoea kwenda: ya tatu kutoka kushoto. Angeweza kubomoa na kuanza upya. Lakini bati lilikuwa limekaa vizuri, jua linawaka, na mtu wa namna yake harudii kazi iliyokwisha. Akaacha.

Baada ya wiki tatu Recho alirudi nyumbani anakimbia.

Recho ana miaka ishirini na miwili. Amesoma uchomeleaji chuo cha ufundi, na mshono wake wa chuma umenyooka kuliko wa mafundi wenye mvi. Tatizo lake ni mdomo. Mweke mbele ya meza yenye watu watatu na mafaili, maneno yanamkauka kabisa. Amefanyiwa usaili mara tano kwa miaka mitatu, na mara zote tano alirudi, akavua viatu vya kuazima, akaingia jikoni kumsaidia mama yake bila kusema lolote. Anatoli alikuwa akimsikia anavyosugua sufuria siku hizo. Alikuwa akizisugua mpaka zinalia.

"Baba, jina langu limetoka," Recho alisema. "Jumamosi, Gungu. Kuna karakana ya boti za chuma inatafuta wanagenzi wawili. Hakuna usaili wa mezani. Mnaingia kwenye chumba mnafumbua mafumbo, wao wanawatazama."

Anatoli alikuwa akipigilia komeo. Nyundo ikatua kwenye kidole gumba.

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno lilikuwa fupi: mwanangu, kazi ile ni yangu, mimi na wewe hatuwezi kuwa humo pamoja. Badala yake alinyonya kidole na kusema, "Vizuri." Akajiambia kwamba hajamdokeza mtoto fumbo lolote. Akajiambia kwamba kwenye fomu Recho ameandika jina la ukoo, Harerimana, ambalo yeye mwenyewe halitumii. Mji mzima unamwita Fundi Anatoli na Shadia hajui lingine. Akajiambia mengi. Siku nne alizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, mpaka Marcelina akamsimamisha na ufagio mkononi.

"Baba Recho, una nini wewe?"

"Sina kitu."

"Njia umeichimba uani. Mvua ikija tutapata mfereji."

Jumamosi asubuhi aliondoka mapema kabla Recho hajaamka, akasema anakwenda kuangalia bati Mwanga.

Chumba cha watazamaji kilikuwa upande wa pili wa ukuta, kidogo, bado kinanuka mawese. Mezani kulikuwa na televisheni iliyoonyesha kila kinachotendeka ndani. Shadia alikaa na daftari. Pembeni yake alikaa Bwana Wilfred, msimamizi wa ile karakana ya boti, mtu mnene mwenye alama za moto mikononi ambaye hakupenda maneno mengi. Anatoli aliwekwa hapo kwa ajili ya kufuli likigoma. Aliambiwa akae. Akakaa, akainuka, akaambiwa tena.

Vijana watano waliingia, mlango ukafungwa, saa ikaanza kuhesabu kurudi nyuma. Hadithi waliyopewa ilikuwa hii: wao ni wafanyakazi wa ghala bandarini, mzigo wa kwenda Bujumbura unatakiwa kupakiwa, msimamizi hayupo, na hati ziko kwenye masanduku. Wanne kati yao wakavamia sanduku la kwanza kwa pamoja, kila mmoja anavuta kwake. Aliyevuta kwa nguvu zaidi alikuwa kijana wa Gungu aitwaye Bariki, ambaye sauti yake ilisikika hata bila televisheni.

"Oyaa, tulieni, nipeni mimi."

"Tungegawana," alisema Recho.

Anatoli akasogea karibu na kioo cha televisheni. Hakuwahi kumsikia mwanawe akitumia sauti ile mbele ya watu. Haikuwa kubwa. Ilikuwa sauti anayoitumia akiwa na chuma mkononi, akimwambia mtu ashike hapa, asishike pale.

"Bariki, wewe una sauti, soma hizi barua tuzisikie wote. Hao wawili waandike. Mimi na Ndayikeza tutaangalia sanduku la pili linataka nini."

Wakasoma. Zilikuwa barua za wateja watatu wenye hasira, na ilibidi waamue nani ahudumiwe kwanza na kwa nini. Wakabishana, wakakubaliana, kufuli la kwanza likafunguka. Sanduku la pili lilikuwa na beseni la maji, boti ndogo ya bati na mawe saba ya uzito tofauti. Boti ilitakiwa ibebe yote bila kulala upande. Mara mbili ilizama. Ndayikeza, kijana mpole wa familia ya Kirundi iliyohamia zamani upande wa Kasulu, alikuwa amesimama nyuma tangu mwanzo, mikono mfukoni.

"Wewe unaonaje?" Recho akamuuliza.

Ndayikeza akashtuka kuulizwa. "Mazito yakae katikati, chini," alisema. "Mepesi ndiyo yaende pembeni. Baba yangu alikuwa akipakia hivyo."

Boti ikakaa. Namba za mawe zikafungua kufuli. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na tisa, na Shadia alinong'ona kwamba hakuna kundi lililofika hapo mapema namna ile.

"Huyu binti anauliza," alisema Wilfred. "Wengi hawaulizi." Akaandika jina lake na kulipigia mstari chini. Anatoli aliuona ule mstari, na miguu yake ikaanza kucheza yenyewe.

Recho akachuchumaa mbele ya sanduku la tatu. Wenzake walikuwa ukutani wakitafuta maelekezo. Yeye akapitisha kiganja juu ya mfuniko, akakiteremsha upande, akakipeleka nyuma, kama fundi anavyofanya akikutana na kazi ya fundi mwingine. Kiganja kikafika kwenye mstari wa ribiti. Kikasimama.

Anatoli aliinuka tena kitini. Alijua mwanawe anagusa nini. Recho alikuwa na miaka kumi na minne alipofundishwa, banda likiwa tupu.

Bonyeza, alisema moyoni. Bonyeza, mama, bonyeza tuondoke hapa.

Recho akauondoa mkono. Akatazama juu, kwenye pembe ya dari ilipokuwa kamera, akatazama muda mrefu kidogo, kisha akaenda kukaa juu ya mfuko wa saruji, mikono ameikalia.

"Recho, njoo bwana," Bariki aliita. "Dakika zinayoyoma. Umezira?"

"Sijazira. Hili fungueni ninyi. Mimi sitaligusa."

"Kwa nini?"

Angejibu vipi? Neno lolote la kweli lingemtaja baba yake, na hakujua kama aliyekuwa nyuma ya ile kamera ni rafiki au adui. Bariki akachukia, akalipiga sanduku teke. Ndayikeza alirudi kumsihi mara mbili, kwa upole, na mara zote mbili Recho alitikisa kichwa huku machozi yakimlengalenga. Wakahangaika wenyewe. Walifika hata kwenye ribiti, wakaanza kuzihesabu kutoka upande wa kulia, na hapo kengele ikalia.

Wilfred alivuta pumzi. "Nimesikitika," alimwambia Shadia. "Alianza vizuri mno. Lakini kwangu watu wanainua chuma cha tani mbili. Mtu wa kuwaacha wenzake dakika za mwisho huyo anaua watu. Siwezi." Akachukua kalamu. Mstari aliouchora chini ya jina la Recho, sasa akauchora katikati yake.

Anatoli alikuwa ameshafika mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, nje kuna jua, bajaji zinapita, na hakuna aliyekuwa akimtazama. Angeweza kutoka. Vyumba vinne vya Kasulu na Uvinza vingebaki vyake, Recho angerudi nyumbani na kusugua sufuria, na baada ya wiki mbili kila mtu angekuwa amesahau. Aliwaza hayo yote, tusimpambe. Aliyawaza hatua kwa hatua. Kisha akageuka.

"Hajawaacha wenzake," alisema. "Yule ni binti yangu. Lile sanduku analijua. Ribiti ile ni ya tranka lake la shule, na niliyeiweka hapo ni mimi. Angeibonyeza, wangemaliza mapema kuliko watu wote, na msingejua kitu."

Shadia akavua miwani. "Fundi, ulisaini."

"Nilisaini."

"Ulijua yumo kwenye orodha?"

"Tangu Jumanne."

Shadia akafunga daftari. Halafu akasema alilopaswa kusema, bila kupandisha sauti: matokeo ya kundi zima yanafutwa, wale wanne watarudia wiki ijayo kwa masanduku mapya, na Recho hawezi kurudia, kwa sababu sheria ni sheria na baba yake bado ni fundi wa mradi.

"Na nisipokuwa fundi wa mradi?"

"Basi sheria haimgusi. Awamu ya pili ni mwezi wa tisa. Lakini Kasulu na Uvinza nitampa mtu mwingine, fundi. Hilo ulielewe."

"Mpe Adolf wa Mwanga," alisema Anatoli. Yeye na Adolf walikuwa hawasalimiani kwa miaka sita, kila mmoja akiliita tranka la mwenzake mkebe wa biskuti. "Mkunjo wake si mbaya." Neno hilo lilimtoka kama jino.

Wilfred akaweka kalamu chini. Aliinuka, akafungua mlango wa chumba cha mafumbo mwenyewe, akamwita Recho. Recho akatoka, akamwona baba yake amesimama pale, akakaza uso.

"Binti," alisema Wilfred, "ulijua linapofunguka?"

"Ndiyo."

"Kwa nini hukufungua?"

Anatoli alingojea maneno yamkauke mwanawe, kama yalivyomkauka mara tano. Hayakukauka.

"Wenzangu hawakufundishwa na baba yao," alisema Recho. "Mngekuwa mnampima baba, si mimi."

Wilfred akamtazama, akaitazama karatasi yenye jina lililokatwa, akaikunja na kuitia mfukoni badala ya kuirudisha mezani. "Mwezi wa tisa," alisema. "Usichelewe."

Shadia alipokwisha kuwaeleza vijana wote yaliyoamuliwa, baba na binti walirudi Kasingirima kwa miguu, Recho mbele, baba yake nyuma, ingawa bajaji nne zilipunguza mwendo na kuwapigia honi. Ziwa lilikuwa linaonekana chini kati ya nyumba, limejaa mwanga. Njia nzima Anatoli alitafuta la kusema. Alipolipata, lilikuwa dogo.

"Nilitaka upate, mwanangu."

Recho akasimama. "Ungeniambia Jumanne, nisingeingia. Ningetafuta pengine, na wewe ungebaki na kazi yako. Bariki na wenzake wasingefutiwa." Akamgeukia. "Kwa nini hukusema? Ulidhani bila lile sanduku siwezi kutoka mle?"

Mama mmoja mwenye beseni la dagaa kichwani alikuwa akija upande wao. Anatoli alimsubiri apite. Wakasalimiana Kiha, mwakeye, mwakeye, kwa adabu zote na makofi yake kama inavyopasa, na hata hapo yule mama hakuwa na haraka. Akauliza habari za nyumbani, za Marcelina, za bati. Recho alisimama pale muda wote akimtazama baba yake. Mama akapita.

Anatoli angeweza kusema alisahau, au aliogopa kumtia mwanawe hofu. Yote mawili yalikuwa mdomoni, tayari.

"Ndiyo," alisema. "Nilidhani huwezi."

Recho alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyeletewa habari ambayo alishaisikia kwingine. Akafuta uso kwa kanga.

"Mwezi wa tisa nitakwenda," alisema. "Wewe usije. Hata Gungu usifike siku hiyo."

"Sitakuja," alisema Anatoli.